Baba na Namba 1,022,117

Kwaru. Kwaru. Kimya. Kwaru.

Ilikuwa penseli, chumbani kwa baba, tangu alfajiri. Siku ya tisini hiyo. Nilishachoka hata kabla sijafumbua macho.

Ndugu zangu, baba yangu ni mwalimu wa hesabu, mstaafu. Watoto watano huja sebuleni kwetu kila jioni awafundishe. Dada akaona anarudia somo lile lile, akamwambia, "Baba, pumzika sasa. Hawa ni watoto wa watu."

Mzee akachukua namba ya faili lake la kustaafu: 1,022,117.

"Nataka kujua kama hii ni namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kwa mkono, bila mashine. Nikipatia, mniachie wanafunzi wangu. Nikikosea, nafunga darasa."

Asubuhi hiyo ya tisini akatoka na daftari.

"Nimemaliza. Nimeigawa kwa namba tasa zote za kwenye orodha yangu, mia moja sitini na nane, mpaka 997. Haigawanyiki."

Dada akaguna. Mimi nikalichukua daftari.

Mimi si mtu wa hesabu. Natunga mashairi, nimejifundisha mwenyewe, na sijampigia mtu magoti kwa hilo. Baba huniita malenga wa sebuleni. Ila jicho langu limezoea kukata mshororo katikati, mizani nane huku, nane kule. Nikajaribu kuikata na namba hiyo: vipande viwili, karibu sawa.

1,011 mara 1,011 ni 1,022,121.

Imezidi nne tu. Na nne ni mbili mara mbili.

Basi nikapunguza mbili huku, nikaongeza mbili kule. 1,009 mara 1,013.

Ikatoka ile ile.

"Mzee, orodha yako inaishia elfu moja. Inayofuata 997 ni 1,009. Umekwama mlangoni."

Nilisema kifua mbele. Miaka yote ya kuchekwa, nikailipizia kisasi hapo hapo.

Baba akakaa, kama mtu aliyetua mzigo.

"Geuza ukurasa."

Nikageuza. Juu kaandika 1,009. Chini yake kagawanya mara saba.

Majibu saba, hakuna mawili yanayofanana.

"Njia naijua," akasema taratibu. "Nikifika katikati, tarakimu zinanikimbia. Nikaona heri niseme orodha imeisha."

Dada akageukia dirishani.

Kifua changu kikanywea. Nimejifunza hili, nanyi lichukueni bure: ukimshinda aliyechoka, hujashinda kitu.

Nikachonga penseli yake, nikamrudishia.

"Baba, jioni watoto wakija, wewe fundisha njia. Mimi nitakaa ubavuni kwako, nigawanye."

Akanitazama. "Malenga agawanye?"

"Atagawanya, baba. Kila jioni, mpaka wewe mwenyewe useme basi. Dada, umesikia nilichoahidi."