Vikopo vya Jackson Kipyego

Kwa miaka kumi na minane Jackson Kipyego alikuwa karani wa mzungu mmoja huko Ainabkoi. Mzungu alipouza shamba na kuondoka, watu arobaini na mmoja waliochanga kulinunua walimchagua Kipyego awe katibu wao. Ofisi ya chama ikawa chumba cha mbele cha nyumba yake ya mbao, pembezoni mwa mji wa Eldoret: meza moja, kiti kimoja, na dirisha linalotazama barabara ya Kaptagat.

Februari 1969 shamba liligawanywa kwa kura. Kila mwanachama alichota kutoka kwenye kofia karatasi yenye namba tu ya sehemu yake, bila jina. Namba saba ilipakana na chemchemi. Namba thelathini na nane ilikuwa mawe, na hapakuwa na maji karibu. Kipyego akafungua daftari aandike majina na namba. Mkutano ukamkataza. Watu hawa walikuwa wameandikwa kwenye orodha nyingi maishani mwao, wakaona jinsi jina linavyoweza kufutwa.

"Mwenye kalamu ndiye mwenye shamba," alisema mwenyekiti, Mzee Kiptoo. "Kila mtu akae na karatasi yake mpaka mpimaji aje."

Wakakubaliana hivyo. Kabla wiki haijaisha, walianza kumletea Kipyego karatasi zile awawekee, kwa sababu nyumba zao zilikuwa na moshi, panya na watoto. Hawakuona kwamba wamejipinga. Hawakumpa namba, walimpa kitu kilichofungwa. Mmoja alileta kopo la ugoro lililozibwa kwa nta ya nyuki. Mwingine alileta kibiriti kilichozungushiwa uzi wa katani. Palikuwa na pembe ya ng'ombe, palikuwa na kengele iliyoshindiliwa matambara ndani. Mzee Kiptoo alileta soksi yenye mafundo matatu. Kipyego alijua kila kitu ni cha nani, kama mtu ajuavyo ng'ombe wa majirani.

Rael, mjane aliyekuwa amechota maji mtoni kwa miaka thelathini na sasa alikuwa akichechemea, alikuja na kopo la majani ya chai. Hakulifunga mara moja.

"Karani, nisomee."

"Saba."

"Soma tena."

"Saba, Mama."

"Mara ya tatu. Isije ikawa umesinzia."

"Saba, Mama. Ile ya chemchemi."

Ndipo akalifunika na kuliziba kwa samadi na majivu.

Kufikia Julai meza haikuonekana. Vitu vilijaa dirishani na chini ya kiti. Mwezi huo binti yake, Jemutai, alirudi kutoka Nairobi, ambako alikuwa amemaliza kozi ya kupiga taipu na kupanga mafaili. Siku chache baadaye ikaja barua kwamba mpimaji angefika Jumatatu, katika nyumba hiyohiyo.

"Baba, afisa wa serikali atakaa wapi? Juu ya pembe?"

"Atasimama. Mimi nilisimama miaka kumi na minane."

"Niachie hiki chumba siku moja tu."

Kipyego alikuwa anaondoka kwenda Ainabkoi kuwaarifu wanachama. Akageuka mlangoni. "Fanya. Lakini karatasi hata moja isipotee."

Aliporudi Jumapili jioni, sakafu ilikuwa imesuguliwa. Mezani palikuwa na faili jipya la kijani. Ndani yake karatasi zote zilikuwa zimenyooshwa kwa pasi, zimepangwa kuanzia moja hadi arobaini na moja.

"Hakuna iliyopotea," Jemutai alisema. "Nimehesabu mara mbili."

"Na vikopo?"

"Vya bati na chuma amechukua Otiende, yule fundi wa taa za koroboi. Takataka nyingine nimechoma."

Kipyego aliketi. Kiti kilikuwa kimefutwa vumbi. Hakwenda kwa Otiende. Kopo tupu lisingemwambia ni karatasi ipi iliyotoka ndani yake.

"Nimekosea wapi, Baba?"

"Hukukosea," alisema. "Umefanya nilivyokuambia."

Jumatatu asubuhi wanachama walijaa uani, kila mmoja akidai mfuko wake, kopo lake, pembe yake. Kipyego aliwaeleza yaliyotokea, mara moja, bila kujitetea. Wale waliojua kusoma walitaja namba zao. Watatu walitaja saba.

"Saba ni ya Mama Rael," Kipyego alisema. "Niliisoma kwa mdomo wangu mara tatu."

"Uliisoma, sawa," Mzee Kiptoo akajibu. "Kopo lake liko wapi?"

"Leo ni Mama Rael," mtu mmoja akadakia, "kesho itakuwa shemeji yako."

Watu wakacheka. Rael hakucheka. Mpimaji, aliyekwisha kufika, alitazama saa yake. Alihitaji orodha kabla ya saa nane. La sivyo angekwenda shamba jingine, na hapa angerudi mwaka ujao. Alisema pia kwamba hajawahi kuona ofisi ya chama iliyo safi namna hii.

Mikono ikainuliwa: kura irudiwe. Kofia ikazunguka tena. Rael alichota walipobaki watu watatu nyuma yake, akapita katikati ya watu mpaka mezani.

"Karani, nisomee."

Kipyego aliikunjua karatasi. "Thelathini na nane."

"Soma tena."

"Thelathini na nane, Mama."

Mara ya tatu hakuomba. Alifunga karatasi kwenye pindo la leso yake.

"Nikuwekee?" Kipyego aliuliza.

Rael alitazama meza, dirisha na sakafu inayong'aa. "Utaweka wapi?" akasema, akatoka.

Safari hii orodha iliandikwa, kwa sababu mpimaji aliitaka. Kipyego alichovya kalamu, akaandika jina la Rael mbele ya thelathini na nane, kwa mwandiko uleule mzuri alioandikia hesabu za maziwa ya mzungu.