Aliyenisimamisha Kabla ya Ngomo

Wapo wanaosema nilikuwa nimekunywa. Sikuwa nimekunywa, na wala haukuwa usiku. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, mvua ya manyunyu inaanguka. Mimi ni fundi wa motokari hapa Kadutu, mjini Bukavu, tangu nchi ilipoanza kuitwa Zaïre, na hadithi za mizimu huwa sina muda nazo. Sikiliza tu, halafu uamue mwenyewe.

Maman Nabintu, jirani yetu anayeuza vitenge sokoni, alinunua gari kuukuu lililokwisha kupita mikononi mwa watu wanne. Akaniletea akilalamikia mambo mawili: injini inagonga, na kila asubuhi kuna doa la mafuta chini yake. Nikatandika kartoni chini ya gari. Kulipokucha doa lilikuwa upande wa nyuma wa injini. Nikawasha, nikasikia tik-tik nyepesi huko juu. Nikamwambia valvu zimelegea na gasketi ya kifuniko imekufa. Nikarekebisha valvu, nikaweka gasketi mpya. Sauti ikapungua. Doa halikupungua, lakini mimi, kwa kiburi cha ufundi, nikasema hayo ni mafuta ya zamani yanayomalizia kutiririka.

Jumamosi akaniomba niwaendeshe mpaka Sange, kule chini bondeni, yeye na binti yake Furaha, aliyekuwa anarudi kwa mume wake na mtoto wa miezi mitatu. Ukishapita Nyangezi kuelekea huko, mbele yako ni mteremko wa Ngomo: mlima upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu.

Tulikuwa tumeiacha Nyangezi nyuma kidogo nilipomwona amesimama katikati ya barabara, amenyoosha kiganja. Muzee mwembamba, ovaroli ya buluu. Nikasimama. Niamini, mvua ilikuwa inanyesha na ovaroli yake ilikuwa kavu kabisa. Niliona hivyo, na sijui kwa nini sikushtuka.

Aliniambia nifungue boneti na kuiacha injini iendelee kuunguruma. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu ubavuni mwa injini, mpini kwenye sikio lake, kama tunavyofanya sisi mafundi kusikiliza injini kwa ndani. Kisha akanipa. Nikasikia chini kabisa, nyuma ya ile tik-tik, mlio mzito: to, to, to. Halafu, nisemeje? Ukawa kama mtu anayebisha mlango kutoka ndani. Ukanyamaza. Ukaanza tena. Nani amewahi kusikia injini inangoja kujibiwa?

"Haiko valvu," muzee akasema polepole. "Iko bieli ya tatu. Na mafuta inatokea juu, inashukia nyuma, wewe uko unaangalia chini tu. Murudie Bukavu. Ngomo musishuke nayo."

Bieli ni ule mkono wa chuma ulioshika pistoni. Ukikatika, injini inakwama ghafla, na magurudumu nayo. Niliinua kichwa nimwulize amejuaje. Hakuwapo. Hata bisibisi haikuwa mkononi mwangu.

Nikarudi garini, nikamwuliza Maman Nabintu kama ameona muzee ameelekea wapi. Akanishangaa. Yeye alikuwa ameona mwanamke, kikapu cha makala, makaa ya kupikia, mgongoni, aliyeinama dirishani akamwambia kwa lugha ya Mashi warudi nyumbani. Hapo Furaha akamkumbatia mtoto, akatutazama sisi wote wawili kama wagonjwa.

"Tonton, hakuna mutu alikuya," akasema, maana mimi huniita mjomba. "Ulisimamisha motokari wewe mwenyewe. Ukafungua boneti, ukasema wewe mwenyewe turudie."

Tukageuza, tukarudi mwendo wa konokono.

Jumatatu nikaifungua injini. Bieli ya tatu: chuma laini kinachovikwa ndani yake kimelika chote, nati moja imebaki kushikilia nyuzi mbili tu. Na mafuta yalikuwa yanavuja juu, kwenye kidude kinachowasha taa ya presha ya mafuta, yakishuka kwa nyuma ambako sikupangusa. Sasa niambie, kama ni mimi niliyesema, nilijuaje jambo ambalo mpaka asubuhi ile ya safari sikulijua? Na kama ni muzee, yule mwanamke wa makala alikuwa nani?

Padri aliniambia nishukuru na niache kuuliza. Nimeshukuru. Kuacha kuuliza nimeshindwa. Tangu siku hiyo, nikiweka bisibisi kwenye injini yoyote, hata nzima, sikio langu la kulia linasikia ule mlio unaongoja. Sasa nafanya kazi kwa la kushoto. Maman Nabintu na Furaha hawajakubaliana hata leo kama palikuwa na mtu. Kila wakikutana kwenye sherehe wananiita niwaamue.

Wewe unayenunua gari kuukuu, usiamini doa la chini. Pangusa injini yote, anzia juu, ufuate mafuta mpaka yanakotoka. Na ukisimamishwa njiani na mtu ambaye wenzako hawamwoni, usibishane naye. Geuza, urudi. Alikuwa nani, utauliza ukiwa hai.