Nani Aonje Kwanza

Wiki tatu mfululizo Teryo alipanda kilima kila alfajiri kumchanjia Takya kuni, na katika wiki hizo zote hakutia mdomoni hata tonge moja la nyumba ile.

Kuni zilipangwa safi chini ya nyumba, kati ya nguzo zilizoiinua, ncha kwa ncha. Maji aliyachota chemchemini na kuyabeba begani ndani ya mianzi miwili. Ndiyo desturi ya kule milimani: mwanamume anayetaka mke hutumika kwanza kwa mwanamke, mkono wake uonekane. Ila kwa kawaida huwa ni vijana. Teryo alikuwa mgane wa miaka sitini na sita. Takya alikuwa na sitini na mmoja, na mumewe alikuwa amelala kaburini mwaka wa tisa.

Wachoma makaa waliopita njiani hawakumwacha.

"Kaka Teryo! Kiuno kitakatika kabla ya harusi!"

"Kikikatika nitachanja nimekaa!"

Walicheka wote isipokuwa Takya, aliyekuwa dirishani akimtazama. Kila adhuhuri alimwita kwa maneno yale yale, na kila adhuhuri alijibiwa vile vile.

"Kaka, panda ule."

"Nimeshiba, dada."

"Umeshiba nini, nawe umefika na giza?"

"Tumbo hili, dada. Tumbo la kizee lina mambo yake."

Kisha alichukua mfuko wake na kupotelea migombani.

Takya aliijua sababu, au alidhani anaijua. Miaka miwili nyuma mnunuzi wa nguruwe alikula kwake, akashuka kilima, akaanguka kivukoni na kufa. Daktari alisema ni moyo. Kijiji kikasema mwanamke anayekaa peke yake mlimani hakosi sumu kwenye kucha. Tangu siku hiyo watu walimsalimu wakiwa njiani, miguu inaendelea. Ilipofika sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, siku ambayo milango yote huwa wazi na mpita njia yeyote hupanda akala, Takya alichinja kuku wawili na kupanga sahani kumi. Jua lilizama sahani zikiwa bado kifudifudi. Chakula akampa nguruwe. Nguruwe hakufa, lakini nguruwe naye hana wa kumsimulia.

Kwa hiyo Teryo alipotokea na shoka lake, Takya hakufurahia kuni. Kuni aliweza kuchanja mwenyewe. Alichotaka ni mtu wa kula naye.

Pura, jirani yake wa bondeni, alimzidishia wasiwasi.

"Usinichekeshe, Takya. Mwanamume wa umri ule hapasui magogo kwa mahaba. Jana nimemwona mpakani mwako, kidole juu, anahesabu minazi."

"Labda alikuwa anasali."

"Anasali kwa nani, kwa madafu? Wewe mtoto huna. Ukifumba macho, shamba linabaki na nani?"

Alisema hayo akiwa amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, na kahawa aliyopewa imepoa mkononi bila kuguswa.

Kesho yake, adhuhuri, Takya alivua kandambili zake, akamfuata Teryo migombani. Alimkuta amechuchumaa, jani la mgomba limefunuliwa magotini, anakula wali wa mahindi uliopoa na samaki mkavu mmoja. Teryo aliacha kutafuna.

"Kumbe tumbo limepona," Takya alisema.

"Dada..."

"Unaniogopa?"

Mzee alilifunika jani polepole. "Belinda, binti yangu, aliniapisha kwenye kaburi la mama yake. Kuni chanja, maji chota, lakini chakula cha yule mwanamke usikile."

"Nawe unaamini?"

Angeweza kudanganya. Takya alimwona akiufikiria uongo, kisha akiuacha.

"Naamini nusu."

"Na minazi yangu? Ulikuwa unaisalimu?"

"Niliihesabu. Arobaini na mmoja. Mkulima gani atapita kwenye minazi asihesabu?"

"Arobaini na miwili. Mmoja uko nyuma ya choo. Basi nami naamini nusu. Nusu umekuja kwa ajili yangu, nusu kwa ajili ya shamba."

"Onja wewe kwanza mbele yangu," Teryo alisema. "Ndivyo watu wanavyofanya. Ukionja, nitakula."

"Anayeonja kwanza ni mshtakiwa. Sionji. Chukua shoka lako."

Alichukua.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Takya alijiambia kwamba jibu ndilo hilo: kama alitaka shamba, amelikosa; kama aliogopa sumu, ameiepuka. Lakini alipopuliza moto alijikuta ametega sikio kuelekea njiani, na mchuzi wa mlonge aliopika ulikuwa wa watu wawili.

Siku ya tatu, jua la utosi, ngazi zililia. Teryo alipanda mpaka ndani, kwa mara ya kwanza, kofia mkononi, akaweka chakula chake cha jani juu ya meza.

"Hiki ni changu," alisema. "Nipe chako. Wewe kula hiki."

Takya alilitazama jani. Kamba ilikuwa imefungwa mafundo mawili. Nani amepika, yeye au Belinda? Mwanamke asiye na mtoto, minazi arobaini na miwili, na mgeni anayemsukumia chakula!

"Onja wewe kwanza," alisema.

Teryo alimkodolea macho, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Sionji! Mimi mshtakiwa?"

Hakuna aliyeonja. Takya alimpakulia mchuzi, akafungua mafundo, wakaanza kula kwa wakati mmoja, kila mmoja akiutazama mdomo wa mwenzake.

Katikati ya sahani Teryo alikohoa. Akakohoa tena, uso ukamwiva, mkono ukashika meza. Takya aliinuka kitini. Si hapa, Mungu wangu. Mtu wa miaka sitini na sita anaweza kufa kwa lolote, lakini asifie hapa.

"Pilipili," Teryo alisema akifuta machozi. Akaonja tena. "Na chumvi imepungua."

Kwa miaka tisa hakuna aliyekilalamikia chakula chake. Takya alimsogezea chumvi.

Teryo alipoondoka, alimsindikiza kwa macho kutoka dirishani. Kwenye kivuko, pale pale alipoangukia yule mnunuzi, mzee alisimama, akageuka, akainua kofia juu ili aonekane. Kisha akavuka.

Hata hivyo Takya hakulala vizuri. Sumu, watu husema, yaweza kungoja. Kulipopambazuka alikuwa macho juu ya mkeka, hajawasha moto, anasikiliza majogoo tu.

Ko.

Akazuia pumzi.

Ko. Ko.

Alikwenda dirishani. "Uko hai?"

"Niko hai," Teryo alijibu bila kuinua kichwa. "Lakini tumbo limevimba."

"Limevimba?"

"Kwa shibe." Akapasua gogo jingine. "Leo unapika nini?"