Kadi ya Kiooni

Leo nimekwenda kubadilisha kadi yetu ya maegesho ya walemavu. Ile ya zamani ilikuwa imeunguzwa na jua la Ibra, huku Omani, kwenye kioo cha gari, na nilipoishika ikaninukia plastiki ya moto na ubani wa nguo za mama.

Kaka yangu ana usonji. Hasemi, na kelele zikimzidi hukimbia bila kutazama magari, ndiyo maana tulipewa kadi ile, tuegeshe mlangoni. Mara ya kwanza mama alipoiweka kiooni tulikuwa sokoni. Kaka akateremka akirukaruka, na mzee mmoja mwenye bakora akasimama mbele yetu.

"Huoni haya, bibi? Kilema yuko wapi? Mtoto mzima huyu!"

"Samahani, ami," mama akajibu, akaondoa gari. Tukaegesha mbali, tukarudi kwa miguu, kaka kajiziba masikio, analia njia nzima.

Nilikuwa mdogo, nikadhani dawa ninayo. Jioni ile, uani, nikamfundisha kuchechemea. "Hivi, kaka. Uburute huu wa kushoto." Kila akipatia nikampa tende, tukacheka sana. Sokoni hakutufokea mtu tena, na mama hakuniuliza kitu.

Kaka akishashika jambo haliachi. Leo nimeegesha mlangoni pa ofisi ya kadi, nikamfungulia. Ndevu zake zimeanza mvi. Akateremka, akauburuta mguu wa kushoto mpaka kizingitini, kisha akanigeukia na kiganja wazi, anangoja tende.