Mbeba marobota wa Mafiga na vyuma vya mgongoni

Saa mbili asubuhi, wingu bado limekalia milima ya Uluguru, na hapa sokoni Mafiga, Morogoro, watu wameshalizunguka robota moja la mitumba kama wanaosubiri pilau ipakuliwe. Katikati yao amepiga magoti mzee Severini Gabrieli. Anapitisha kisu chini ya mkanda wa plastiki, anauvuta kidogo, mkanda unakatika, na mashati yaliyoshindiliwa humo kwa miezi yanafumuka na kumwagika kwenye turubai. Wanunuzi wanayavamia.

Yeye hanyanyuki. Amebaki magotini, mkono mmoja turubaini, mwingine kiunoni, macho ameyafumba.

"Ngojeni kwanza," anasema. "Mgongo bado uko kwenye kikao."

Watu wanacheka, naye anacheka nao. Lakini kikao kinachukua muda, na mwisho rafiki yake Elia, muuza suruali wa banda la pili, anakuja kumshika kwapani na kumsimamisha.

Severini ana miaka 54. Tangu mwaka 1994 hadi juzijuzi, kazi yake ilikuwa kushusha marobota kwenye malori na kuyaingiza mabandani, robota la kilo hamsini bega moja, mchana kutwa. Leo ndoo ya maji inamshinda. Wenye mabanda wamemwachia kazi ya kufungua na kuchambua, wengine kwa sababu jicho lake kwenye nguo halina mfano, wengine kwa huruma tu, naye anawajua wote kwa majina.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2002, madaktari bingwa kutoka nje waliopita Morogoro walimpiga picha wakamweleza kuwa pingili mbili za chini ya mgongo zimeachana njia. Moja imeteleza mbele ya mwenzake na inabana mishipa ya fahamu inayoshuka mguuni. Wakamwambia wanaweza kumfanyia upasuaji Dar es Salaam mwezi Julai, bila malipo, wamwekee vyuma na skrubu vya kuzishikilia.

Severini akajibu kwamba atafikiri.

"Na kwao milimani," anaeleza mkewe, Rahel, "mtu akikwambia atafikiri, ujue amekataa."

Kumwelewa Severini kunahitaji kurudi nyuma kidogo, na yeye mwenyewe hahitaji kusukumwa ili arudi huko. Uso wake hubadilika akianza kusimulia habari za kiwanda.

Alishuka kutoka Matombo mwaka 1981, kijana wa mgomba na kahawa, akaajiriwa katika kimoja cha viwanda vya nguo vya mjini. Alianza kwa kubeba majora ya kitambaa kutoka chumba cha kufumia kwenda chumba cha rangi, kisha akawa msaidizi wa fundi wa mitambo. King'ora kilipolia asubuhi mji mzima ulirekebisha saa zake. Chai ilikuwa ya maziwa, mkate haukupimwa, na timu ya kiwanda ilipocheza Jumamosi hakuna aliyebaki nyumbani isipokuwa wagonjwa.

"Tulikuwa tukitoka zamu ya mchana vichwa vyote vyeupe, pamba imetujaa nywele," anakumbuka. "Watoto barabarani wanatuamkia, shikamoo babu! Mimi nina miaka thelathini na tatu, naitikia marahaba."

Ndimo alimomwona Rahel, binti wa Kigogo kutoka Dodoma, akiunga nyuzi zilizokatika kwa vidole vyepesi. Wakati huo nguo ilipatikana kwa foleni kwenye maduka ya ushirika, na mfanyakazi wa kiwanda cha nguo alikuwa mtu wa kunyenyekewa. Kila mwisho wa mwaka kila mmoja alipewa doti ya khanga. Severini anasema hakuna mshahara aliowahi kuufurahia kama khanga zile, na ninamwamini.

Kisha zikaja enzi za ruksa, kila kilichokatazwa kikaruhusiwa. Milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia kwa meli na malori, na khanga za nje zikapangwa sokoni kwa bei ya chini ambayo kiwanda hakikuiweza. Severini hajifanyi malaika. Shati lake la kwanza la mtumba alilinunua angali analipwa na kiwanda.

"Lilikuwa zuri bwana," anasema, na kutikisa kichwa. "Nikalivaa kazini. Wenzangu wakaniuliza nimelipata wapi. Wiki ya pili nusu ya zamu tumevaa mitumba, tumesimama mbele ya mashine, tunafuma nguo ambazo sisi wenyewe hatununui."

Mwaka 1994 king'ora kililia mara ya mwisho. Mitambo ilikaa gizani mwaka mzima, kisha likaja lori lenye mizani. Severini aliitwa kama kibarua kusaidia kuifungua. Mashine alizozipaka mafuta kwa mikono yake zilipimwa kwa kilo kama chuma chakavu. Alifanya kazi ile siku moja, ya pili hakurudi.

Basi daktari aliposema neno chuma, Severini hakuona hospitali. Aliona mitambo ile.

"Kilichoiua mitambo yetu ni spea," anasema. "Iliagizwa nje, wakaja wataalamu wakaifunga vizuri, wakapanda ndege wakaenda zao. Kifaa kidogo kikivunjika, tunaandika barua, tunasubiri. Nikamuuliza yule daktari, spea za hicho chuma zinapatikana wapi? Na ninyi mkishaondoka, fundi wake nani?"

Daktari, mama wa Kitanzania aliyefuatana na wageni wale, hakumcheka. Alivuta kiti karibu. Alimweleza kuwa chuma kile hakizunguki wala hakisagiki, kinashika tu pingili zitulie mpaka mfupa uote na kuziunganisha. "Fundi ni mfupa wako mwenyewe, mzee," alimwambia, "nao hauendi na ndege."

Alimweleza pia yasiyopendeza. Kidonda kinaweza kuingia wadudu. Wapo wanaopata nafuu kubwa na wapo wanaobaki na sehemu ya maumivu. Asipofanya, mguu unaweza kuendelea kufa ganzi mpaka umshinde. Na jambo moja la mwisho, akifanya au asifanye: mzigo kichwani au begani, basi tena.

Hilo la mwisho ndilo lililomrudisha Severini nyumbani na jibu lake la kufikiri.

Rahel alidhani mumewe anaogopa kisu. Elia naye alidhani hivyohivyo, na kwa kuwa yeye ni Mnyamwezi wa Tabora na hao ni watani wa Waluguru kama Severini, hakumwonea haya. "Mtani, kubali tu," alimwambia mbele ya wateja. "Wakuweke chuma. Siku ukifa mimi nakuja msibani na mizani."

Watu waliangua kicheko. Severini siku hiyo hakucheka, na Elia, ambaye haujui utani usiojibiwa, alikosa raha hadi jioni.

Hofu haikuwa ya kisu. Severini ni mjomba, na kwa Waluguru mjomba ni neno zito. Ukoo, ambao wenyewe wanauita lukolo, unakwenda kwa upande wa mama. Watoto wa dada yake, Bernadeta, ndio damu ya ukoo wake, na siku binti wa dada anapotolewa unyagoni, katika familia yao hubebwa mabegani na mjomba kutoka mlangoni hadi uwanjani.

Mwaka 1991 Severini aliomba ruhusa kiwandani akapanda Matombo kumbeba Joyce, binti mkubwa wa Bernadeta. Misa ilisomwa asubuhi, ngoma ikaanza mchana. Joyce alikuwa amefunikwa khanga mpya ya kiwandani, akinukia wanga na rangi, na vigelegele vikaanzia mlangoni vikashuka nao mpaka kwenye migomba.

"Nimebeba majora, nimebeba marobota," anasema Severini. "Sijawahi kubeba kitu chepesi kama kile."

Jioni ile alimwahidi mdogo wa Joyce, Yuliana, aliyekuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, kwamba naye zamu yake itafika. Yuliana anamaliza darasa la saba mwaka huu. Anatolewa Desemba.

Kwa hesabu za Severini, mgongo mbovu ulikuwa bado una matumaini. Labda dawa za mizizi, labda kupumzika, labda Desemba bega lingekubali kwa hatua chache. Vyuma vingefunga mlango huo moja kwa moja. Ukimsikiliza anavyoieleza hesabu hiyo unatamani kumpinga.

Rahel alimpinga. "Usiku anageuzwa na maumivu kama chapati kwenye kikaango," anasema. "Hanilalamikii, anauma shuka. Nikamwambia kubali. Akasema lazima dada yake ajue, kisu hakimgusi mtu wa ukoo bila ukoo kujua. Mimi ndiye ninayelala naye, lakini wa kuamua mgongo wake yuko Matombo!"

Mambo yangebaki hivyo kama si kandambili. Mwezi Mei, Severini alikuwa akitoka bandani kwenda kununua chai. Elia akaona kandambili ya mguu wa kushoto imechomoka ikabaki njiani, na mwenye nayo anaendelea tu. Alidhani atageuka. Severini alivuka barabara, akapita kwenye kokoto, akaagiza chai, akakaa. Elia akaiokota na kumfuata.

"Mtani," akamwambia, "mguu wako mwingine unavaa nini?"

Severini akatazama chini. Unyayo ulikuwa unatoka damu, na yeye hakuwa amesikia kitu. Elia alipiga magoti akamvalisha, na safari hii hakuongeza utani wowote.

Jumamosi iliyofuata walipanda Matombo, Severini na mkewe. Njia ile ina mashimo ambayo hata mgongo wenye afya huyalalamikia. Alifika uso umekuwa wa majivu. Yuliana alitoka mbio, akasema, "Shikamoo, mjomba," akampokea mfuko kabla hajaombwa, na mjomba akageuza uso upande wa migomba.

Bernadeta ni mdogo wake kwa miaka mitatu, mwanamke wa maneno machache na jembe lisilokauka udongo. Alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho: vyuma, skrubu, spea, ahadi, Desemba. Kisha akauliza kama mwenye hasira.

"Kaka, umesahau siku anatolewa mama mdogo?"

Severini akasema alikuwa mdogo.

"Mimi mdogo wako ninakumbuka! Ulikuwepo! Ulikuwa unakimbizana na mapera. Mjomba wao, babu Kasiani, mguu mmoja ulikuwa haumtii. Hakumbeba mwali. Walimbeba vijana wa ukoo. Yeye alitangulia mbele yao, fimbo mkono huu, khanga ya mwali begani, mpaka uwanjani. Nani alisema mama mdogo hakutolewa?"

Severini anasema picha ilimrudia palepale: mgongo wa babu Kasiani, fimbo, vumbi, na khanga nyekundu iliyoning'inia begani. Miaka yote aliikumbuka khanga ile, lakini alikuwa amesahau kwa nini yule mzee aliibeba.

"Pazi atambeba mdogo wake," Bernadeta akaendelea, akimtaja mwanawe wa kiume. "Bega analo. Wewe nakutaka mbele, kwa miguu yako. Usipopata miguu Desemba, nani atatangulia? Nenda kawekewe hivyo vyuma. Ukoo umejua."

Severini alilia, na hafichi kwamba alilia. Rahel, ambaye kwa miaka mingi hakuzipenda taratibu za wakwe zake, aliinuka akamkumbatia wifi yake kwa nguvu hadi kilemba kikamtoka.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema waliotangulia, ni mwepesi kwa asiyeubeba. Wengi wetu tuliomcheka Severini pale bandani tulidhani anaubembeleza woga. Kumbe alikuwa anaaga bega lake, na bega ndilo lililomlisha tangu alipoteremka milimani.

Tarehe ya kulazwa imeshapangwa, wiki ya pili ya Julai. Atapandia basi Msamvu pamoja na Rahel, na Elia amejitangaza mwenyewe kuwa ndiye mbeba begi. "Mnyamwezi ni mpagazi tangu enzi za mababu," anasema, "ila nikifika Dar nitadai ujira wangu kwa huyu Mluguru, na mizani naenda nayo." Severini anamjibu kwamba kwa jinsi Elia anavyokula, mizani akaipande yeye kwanza. Utani umerudi mahali pake.

Hana uhakika wa yote. Anajua anaweza kuamka na maumivu yaleyale, anajua pia atakaa miezi akijifunza upya kuinama na kukaa. Akipona anataka kufungua kijibanda chake cha kuchambua mitumba, achague mashati mazuri akiwa amekaa kwenye kiti, kama karani.

Lakini kwanza Desemba. Nyumbani kwake, Rahel amefungua sanduku la chini ya kitanda na kutoa doti ya khanga, ile ya mwisho waliyopewa kiwandani, ambayo haijawahi kuvaliwa. Imekunjwa tangu mwaka 1993 na bado ina harufu ya wanga ukiisogeza puani. Severini anaitandaza begani, anashika ukuta, anajaribu hatua chache sebuleni.

"Nyoosha mgongo," Rahel anamwambia.

"Huo wa kunyoosha nitakuja nao kutoka Dar."

Anasema aliporudi kwa daktari kumpa jibu alikuwa na swali moja tu lililobaki. Alimkumbusha kuwa amemkataza kuweka mzigo begani maisha yake yote, na yeye haendi kudanganya mtu. Akamuuliza, je, khanga moja ni mzigo?

"Yule mama akanitazama sana," anasema Severini, akiikunja khanga pole pole kwa mikunjo yake ya zamani. "Akasema hiyo, mzee wangu, ruksa."