Kaka Yangu Aliposhuka Mimbarini

Niliondoka Lindi kwa amri ya mama yangu, na anayemjua mama hataniuliza kwa nini sikukataa. Habari zilitufikia Ijumaa jioni. Kaka yangu Bakari, imamu wa msikiti mmoja wa Kariakoo kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi za mtaa wetu, alimaliza kuswalisha, akawageukia watu na kusema, "Ndugu zangu, kuanzia leo tafuteni imamu mwingine." Akachukua makubadhi yake, akaondoka. Sababu hakutoa. Tulipompigia simu hakupokea. Mkewe, wifi yangu Mwanahawa, alipopokea alisema hata yeye hajaambiwa kitu, akakata huku analia.

Kwetu ulikuwa msiba kasoro jeneza. Mama yangu haitwi tena kwa jina lake, anaitwa Mama Imamu. Kwenye maulidi hukalishwa mbele, kwenye harusi sahani yake ya pilau hufika kabla bibi harusi hajaonekana, na ugomvi wowote wa mtaani huletwa kwake auamue, ingawa siku hizi husikia upande mmoja tu, ule unaopiga kelele zaidi. "Somoe," aliniambia kwa sauti iliyofika sokoni, "nenda ukamrudishe kaka yako mimbarini. Akikataa, na wewe usirudi." Nilitaka kumkumbusha kwamba mimi nauza samaki wa kukaanga, si balozi. Lakini alikuwa ameshaingia ndani kunifungashia chakula cha njiani.

Alfajiri ya Jumatatu nilipanda basi, nikakaa na mfanyabiashara wa korosho mwenye simu mbili na maoni mengi. Hatujafika hata Mchinga, akaniuliza, "Umesikia ya yule Sheikh wa Kariakoo?"

Nikamwambia sijasikia. Nilitaka kujua ndugu yangu anasemwaje, na hilo huwezi kulijua ukianza kwa kujitambulisha.

"Siasa hiyo," akasema. "Subiri uchaguzi, utamwona na kofia ya chama. Hakuna mtu anayeacha kiti bila kuona kiti kingine."

Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaingilia kwamba si siasa, ni jini, tena jini mwenyewe si wa hapa nchini. Wakabishana hadi Nangurukuru, tuliposhuka kula. Pale muuza mihogo alikuwa na habari zilizoiva zaidi: Sheikh amepiga mkeka, timu zote zimempa, sasa anatafuta nyumba ya ghorofa.

"Sheikh na kamari?" nikamuuliza.

"Dada, kwani hela inauliza dini?"

Nilicheka mpaka muhogo ukanipalia. Kaka yangu huyu utotoni alikuwa anatukimbia tukicheza karata, na tulikuwa tunachezea kokwa za maembe. Tulipovuka daraja la Rufiji alikuwa tayari amepata viza ya Kanada, na tulipoingia Mbagala alikuwa mbunge, tajiri, mgonjwa wa akili na mkimbizi, yote kwa nauli moja.

Mchana nilishuka Kariakoo kwanza. Kwetu huwezi kuingia kwa wifi mikono mitupu, hasa wifi anayelia, kwa hiyo nilitaka kumnunulia doti ya khanga. Sijamaliza hata kuvuka Mtaa wa Msimbazi nikadakwa na winga. Kwa wasioijua Kariakoo ya sasa, winga hana duka wala mzigo. Ana mdomo na miguu. Anakukamata barabarani, anakupeleka kwenye duka la mwingine, anapata chake, anarudi kukamata mwingine. Huyu wangu alikuwa mtu mzima, ndevu zake zina mvi nyingi kuliko kichwa changu, na bado aliniamkia.

"Shikamoo mama mkubwa! Khanga, dera, vitenge, mashuka? Twende kwa mwenye mzigo, wengine hawa wanakuzungusha tu."

"Marahaba, baba yangu," nikamjibu, akacheka, tukaenda.

Dukani walikuwepo wanawake wanachambua khanga, na mazungumzo yalikuwa yaleyale. Mmoja mwenye buibui jipya alikuwa ameshika usukani. "Mume wangu anaswali palepale kwa Sheikh," alisema. "Wiki ile kabla hajaacha, Isha aliwaswalisha rakaa tano badala ya nne. Watu wanamkumbusha, Subhanallah, Subhanallah, yeye huyo, anapanda ya tano. Sasa nyie niambieni. Mwanamume akipotea rakaa namna hiyo, akili yake iko wapi?"

"Nyumba ndogo!" wakaitikia kwa pamoja, hata muuzaji.

"Na mke wake masikini, kajitunza..."

Hapo damu ikanichemka. Ubunge niliuvumilia, jini nilimvumilia, lakini huyu ni kaka yangu na yule ni wifi yangu. "Hana nyumba ndogo yoyote!" nikafoka. "Amechoka na mji. Anarudi kwao Lindi kulima ufuta. Mimi natoka huko, shamba limeshasafishwa!"

Ufuta ulitoka wapi mdomoni mwangu sijui mpaka leo. Wanawake wakaziacha khanga.

"Ufuta?" akauliza winga.

"Ufuta."

Akatoka nje mbio bila hata kungoja chake kwa mwenye duka. Nilipaswa kuogopa palepale. Mtu anayezunguka soko zima kutwa nzima, anaongea na kila anayepita, ndiye niliyemkabidhi uongo wangu. Mimi nikawa nabembeleza bei.

Alasiri bajaji ilinipitisha Jangwani ikaniingiza Magomeni. Nilipofika nyumbani kwa kaka nilidhani nimekosea mlango, maana barazani palikuwa na majembe yameegemezwa ukutani. Jirani mmoja ameleta mbegu kwenye mfuko wa sukari. Bwana mwingine, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa amekaa kwenye ngazi anangoja kuomba kazi ya usimamizi wa shamba.

Mwanahawa alinipokea mlangoni, macho mekundu. "Karibu wifi. Kumbe huko kwenu mmeshasafisha na shamba, na mimi ndo wa mwisho kujua? Mimi nimezaliwa hapahapa Magomeni. Ufuta naujua kwenye mkate tu!"

"Wifi, tutaongea," nikamwambia, nikampa khanga. Aliipokea bila kuifungua, na hapo nikajua hali ni mbaya kweli.

Kaka alikuwa chumba cha uani, amekaa kwenye mkeka, mgongo kaupa mlango. Nikatoa salamu. Kimya. Nikarudia, kisha nikarudia tena kwa kukohoa. Kimya. Nikasema kimoyomoyo, huyu kanuna kweli, nikamgusa bega. Aliruka kama aliyemwagiwa maji, kisha aliponiona akanikumbatia huku anacheka, na mtu aliyenuna hacheki hivyo.

Nikakaa karibu naye, nikaongea kwa sauti ya chini kwa sababu ya yule bwana wa kwenye ngazi. "Kaka, kwa nini umeacha uimamu?"

"Alhamdulillahi," akajibu. "Na mama hajambo?"

Nyuma yetu, jikoni, Mwanahawa akaangusha sufuria na mfuniko wake, kishindo cha kuamsha mtaa. Mimi nilishtuka. Kaka hakupepesa hata jicho. Alikuwa anautazama mdomo wangu.

Nikamsogelea sikio, nikapaza sauti. "Kaka! Unasikia?"

Aliinuka akafunga mlango. Aliporudi hakuwa anacheka tena. "Isha ile," alisema, "watu wote nyuma yangu walikuwa wananikumbusha. Mimi nikafikiri wametulia kwa unyenyekevu. Nilijua nilipotoa salamu nikageuka, nikaona nyuso zao." Akashika sikio lake. "Imamu akikosea, walio nyuma ndio wanaomrudisha. Mimi sirudishiki, Somoe. Nikiwapoteza, nawapoteza wote."

"Ungesema tu!"

"Kamati ingechangisha kifaa cha sikio. Wangesoma kwa kipaza sauti jina la kila aliyechanga, halafu wangenisimamisha pale hata kama sisikii radi."

"Na Mwanahawa?"

Akainamisha kichwa. "Huyo ndiye ananitisha. Ananiambia mambo, mimi naitikia ndiyo. Sijui mpaka sasa nimekubali vitu gani." Kisha akanishika mkono. "Usimwambie mtu. Niache niondoke na heshima yangu."

Nikamwitikia kwa kichwa. Nilimwonea huruma.

Baada ya Magharibi wakaja wazee wa msikiti, wakiongozwa na Mzee Kitwana, mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye sauti ya chini ya wale waliozoea kusikilizwa. Tukawakaribisha sebuleni. Hawajakaa vizuri, umeme ukakatika. Mwanahawa akawasha mshumaa akauweka mezani, akarudi kwangu nyuma ya pazia, nilikokuwa na sinia la kahawa, nachungulia.

Mzee Kitwana alianza kwa mbali. Alisema msikiti umepoa, alisema watu wanasema ovyo, alisema ufuta unaweza kulimwa na vibarua. Kila alipotua, kaka alitikisa kichwa kwa adabu. Kwenye giza lile midomo hakuiona. Kitu pekee alichokiona ni ndevu zinatingishika.

"Kwa hiyo Sheikh," akamalizia Mzee Kitwana, "Ijumaa hii unapanda mimbari kama kawaida yako?"

"Naam," akasema kaka, anatabasamu. "Inshallah."

Wazee wakashusha pumzi, wakaanza kushikana mikono. Nami pale nyuma ya pazia nikauona mwisho wa safari yangu. Nimetumwa nimrudishe mimbarini, amerudi. Mama atabaki Mama Imamu, pilau litamfikia mapema, na mimi kosa sina, kwani nilichoombwa ni kunyamaza tu. Kisha nikamtazama kaka alivyokuwa anawashukuru kwa kitu asichokijua, na Ijumaa ikanijia akilini, amesimama mbele ya watu wote wale, peke yake.

Nikatoka na sinia, nikawagawia vikombe. "Wazee wangu, shikamooni. Samahanini. Kaka hasikii. Yote mliyosema hajasikia hata moja."

Kaka alizitazama nyuso zao kwenye mwanga wa mshumaa, moja baada ya nyingine, kisha akanigeukia mimi. "Umewaambia," akasema. Halikuwa swali, na macho yake yalinichoma.

Aliyetangulia ni Mwanahawa. Alilisukuma pazia, akapita katikati ya wazee, akakaa chini mbele ya mumewe na kumpigia kelele sikioni, "Mimi nilidhani umenichoka!"

Hilo alilisikia. Mtaa mzima ulilisikia. "Nikuchoke wewe?" akasema, na machozi yakamtoka palepale mbele ya kamati. Wazee wakapata ghafla hamu ya kutazama vikombe vyao. Mmoja wao, wa pembeni, akaweka mkono nyuma ya sikio akamuuliza mwenzake, "Amesema nini huyu mama?" Nikacheka. Samahani, lakini nilicheka, na Mzee Kitwana naye akacheka, na mwisho hata kaka, aliyetuona tunacheka.

Walimruhusu apumzike. Mzee Kitwana alisema maneno yake kwa sauti kubwa safari hii, uso kwa uso, mshumaa ameushika yeye mwenyewe: darsa za vijana bado ni zake, na nafasi yake safu ya mbele haikaliwi na mtu. Akamwombea dua. Kisha akauliza, "Na shamba la ufuta je?"

"Shamba gani?" akauliza kaka.

Nikakusanya vikombe haraka.

Jumatano asubuhi nilipanda basi la kurudi. Kaka alinisindikiza, na kabla ya kuniaga alinishika bega akasema bora nilivunja ahadi, maana jana yake alikuwa ameongea na mkewe kutwa nzima. Njiani dada mmoja akanieleza habari ya Sheikh aliyeacha mimbari kwenda kulima Lindi. Alisema shamba lenyewe analifahamu. Nikamuuliza ufuta unaendeleaje. "Umeshachanua," akanijibu. Ndipo nikaona nilichokipata kwenye safari hii: nikimkuta tena mtu anayeitikia kila kitu, kabla sijamsifu kwa upole nitamsogelea nimpigie kelele kidogo.

Jioni nikafika Lindi. Mama alikuwa barazani. "Umemrudisha?"

"Sijamrudisha, mama! Masikio yake hayasikii tena!" Majirani wote walitokeza vichwa.

"Nani kakwambia ukoo huu una masikio mabovu?" akafoka. "Nipigie huyo mtoto niongee naye mwenyewe."

Nikampigia Mwanahawa, akampa kaka simu. Mama akamweleza habari za paa linalovuja, mbuzi aliyezaa na harusi ya Jumamosi. Kaka, ambaye alikuwa anapiga kelele nikamsikia mpaka nilipokaa, alikuwa anaeleza hajui awarudishie akina nani yale majembe. Mmoja akitua, mwingine anasema ndiyo, ndiyo, naam mama, ndiyo mwanangu. Waliongea hivyo mpaka simu ikapata moto.

Mama akanirudishia, uso unamng'aa. "Wewe hujui kuzungumza na watu," akaniambia. "Amekubali. Ijumaa anapanda mimbari."

Nilifungua mdomo nimweleze. Nikamtazama alivyofurahi, nikaufunga, nikaenda jikoni kubandika chai.