Siku Faili Langu Lilipofungwa

Mama alinivusha mto Ruvuma vita vilipoanza ng'ambo, akafa kwa homa pale kijijini Kitaya. Nilikuwa na miaka minane. Serikali ikanikabidhi kwa familia moja ya mjini Mtwara, watu wa bara, baba akiwa karani mkubwa. Wageni walipokuja, mama mlezi alisema, "Huyu nimemlea kama mwanangu." Mwanawe wa kweli, rika langu, alisoma mezani. Mimi nilisoma jikoni, nikishamaliza vyombo.

Nilipotimiza miaka kumi na minane, bwana ustawi, afisa wa ustawi wa jamii aliyeshika faili langu, alikuja kunitoa katika nyumba ile. Soksi zake zilivutwa hadi magotini, na kitambi chake kilitangulia mlangoni.

"Binti, sasa wewe ni mtu mzima," alisema. "Leo nafunga faili lako."

"Nitalala wapi, ndugu?"

"Taifa zima linajitegemea. Wewe nani usijitegemee?"

Alijichekea mwenyewe, akaongeza sukari kwenye chai. Wakati huo mama mlezi alikuwa amefungua kitita changu cha nguo sakafuni, akihesabu vijiko vyake. Miaka kumi nimempikia, na aliyemwogopa kama mwizi ni mimi. Bwana ustawi alitazama, akaomba kitumbua kingine. Nilikuwa nikiwaogopa wale watu wawili. Asubuhi ile niliwaona walivyo, wadogo mno, na woga ukaniisha.

Vile vitumbua nilikuwa nikivinunua kila siku mtaa wa Ufukoni, kwa mama mmoja wa Kimakonde, mjane. Nilikwenda kwake kwa sababu sikuwa na mlango mwingine wa kubisha. Alinisikiliza huku akigeuza vitumbua vyake.

"Wamekufukuza?"

"Wanasema nimekua."

"Umekuwa nini?" aliuliza, akanisogezea kigoda. "Kaa. Ila kwangu hapa hutakuwa mtumishi. Tutapika wote, tutafagia wote."

Hakuniacha hapo. Alimwendea muuguzi mkuu wa hospitali kuniombea kazi, akaambiwa hakuna nafasi. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, mimi nyuma yake, akikaa kwenye benchi mpaka yule muuguzi akachoka kutuona. Nikachukuliwa mhudumu wa wodi. Jioni nikirudi aliniuliza nimesema nini na nani, na nilipotaka kuacha kazi kwa sababu ya matusi ya wagonjwa, alinirudisha mwenyewe.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa hadhara, bwana ustawi aliniita jukwaani nikiwa na sare ya hospitali.

"Haya ndiyo matunda ya malezi yetu," aliutangazia umati.

Mama mlezi, kiti cha mbele, alijifuta machozi. Sijui aliyatoa wapi.

Nikasogea kwenye kipaza sauti. "Ndugu, wewe ulinifungia faili ukaondoka. Aliyenisaidia ni mama yule aliyesimama juani, ambaye hamkumpa hata kiti."

Bwana ustawi alipiga makofi kwa nguvu, kana kwamba nimemsifu. Watu wakamfuata.

Tulipokuwa tukirudi Ufukoni, mama yangu wa vitumbua alinikemea. "Umejichosha bure. Yule hasikii maneno, anasikia makofi."

Nilikubali. Baada ya hapo sikupoteza tena neno kwa watu wa aina ile. Tuliposikia kuna binti mwingine mtaa wa Shangani anakaribia kutolewa kwa walezi wake, tulikwenda sisi wawili kumwuliza anapenda kazi gani, wiki nyingi kabla. Alisema anataka kushona. Mama akaanza siku hiyohiyo kumtafutia fundi wa kumfundisha.